Sukari Guru ya Bwana wa Mlimani

Nikutegee kimoja kabla hujakaa vizuri. Siku ya kuahidi nilikuwa nimekipakata; siku ya kukitoa hakipiti mlangoni. Nini hicho?

Umeshindwa? Nipe mji. Mtaani kwetu hata watoto wanaovishwa viatu na mama zao walijibu papo hapo: "Chalapati!"

Chalapati alikuwa mwana wa pekee wa Appalaswami na mkewe, Sanyasamma. Kazi yake kukata tiketi stesheni, na watu walisema dirisha lake halihitaji pazia. Alipokuwa mchanga, homa iliingia nyumbani kwao ikamlaza yeye na baba yake kwenye mkeka mmoja. Sanyasamma akageukia mlimani, kwenye hekalu la Bwana Narasimha, akaweka nadhiri ya mizani. Unaijua: mtu anakaa upande huu, sukari guru inapangwa upande ule mpaka uzito ulingane, na sukari yote inabaki kwa Bwana.

Wakapona. Nadhiri ikangoja. Mwaka huu paa linavuja, mwaka ule nyati wa maziwa kafa, halafu ada za shule. Nadhiri ilingoja, lakini Chalapati hakungoja. Alinenepa.

Sasa akafika umri wa kuoa, na kila nyumba waliyopeleka posa ilijibu, "Tutawaarifu." Hakuna aliyearifu. Mnajimu akatazama nyota zake, akauliza, "Humu ndani hakuna nadhiri iliyolala?"

Basi safari ya mlimani ikapangwa. Miwa ikishavunwa, waondoke.

Appalaswami alikwenda sokoni kuuliza bei ya sukari guru, akarudi ameshika kichwa. Akamkuta mwanawe anamalizia bajia.

"Weka chini hiyo!"

"Baba, ni ya mwisho."

"Kila unachomeza nakilipia mara mbili, hapa na kule juu! Kuanzia leo wewe ni matango na maziwa mgando. Na jioni unazunguka bwawa mpaka nikwambie basi."

Chalapati akamgeukia mama yake. "Mama, ulipoahidi ulisemaje hasa? Labda ulisema uzito wa siku ile ile."

Sanyasamma alikuwa anakuna nazi. "Kula tango, mwanangu."

Na uelewe, daktari alikuwa amekwisha kumwonya Chalapati kwamba moyo wake unabeba mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Chalapati alicheka, akapitia dukani kununua halua. Mama mtu alilia mpaka macho yakavimba. Lakini hofu ya bei ya sukari guru ilimfanya baba awe mkali kuliko daktari yeyote. Alikaa ukingoni mwa bwawa na fimbo, akihesabu mizunguko kwa sauti, na majirani wakatoka kutazama.

"Chalapati, unalizunguka bwawa, au bwawa ndilo linalokuzunguka?"

"Mwacheni! Akitumbukia tutakosa pa kunyweshea nyati!"

Taabu ilikuwa jikoni. Sanyasamma alishindwa kupika kidogo, mkono ulishazoea. Wali wa ukwaju ukatoka chungu kizima. Bajia zikatoka sinia zima.

"Usimwekee karibu, atashawishika," Appalaswami alisema, akavuta sinia upande wake. "Nipe mimi. Najitolea."

Akajitolea asubuhi, akajitolea mchana. Kila alichonyimwa mwana kilipata makao kwa baba. Shuka yake ya kiunoni, iliyokuwa ikimzunguka na kubakiza kipande cha kufutia jasho, sasa ncha zilikutana kwa shida.

"Baba Chalapati," mkewe alimwambia siku moja kwa upole, "hata wewe ungepunguza kidogo."

"Mimi? Kwani mimi ndiye ninayepimwa?" Akalamba samli vidoleni. "Hebu leta hiyo achari ya embe."

Sanyasamma akaileta.

Miezi ikapita. Shingo ya Chalapati ikaonekana, jambo ambalo shangazi zake walikuja kulishuhudia. Akapanda ngazi za stesheni bila kusimama njiani kupumua. Siku moja baba wa binti mmoja alisimama dirishani kwake, akanunua tiketi ya kwenda mahali ambapo hakuwa na safari, akamtazama vizuri, kisha akamwambia, "Rudini salama kutoka mlimani, ndipo tuzungumze."

Mwishowe siku ya kununua sukari guru ikafika. Wote watatu wakaenda kwa Gavarayya, mfanyabiashara mwenye mizani kubwa ya kupimia magunia. Chalapati akakaa kwenye sahani ya mizani, miguu ameikunja. Gavarayya akapanga madonge ya sukari upande wa pili, na kabla jasho halijamtoka, mizani ikasimama sawa.

Appalaswami akapiga makofi mpaka tumbo likatikisika. "Mnaona? Mnaona! Mnajua nimeokoa magunia mangapi? Fungasha, Gavarayya!"

Gavarayya akachukua kamba, kisha akasita. "Dada Sanyasamma, nadhiri ni yako. Nikishafunga sifungui. Nifunge hii?"

Sanyasamma akavuta ukingo wa sari, akafunika mdomo.

"Mama," alisema Chalapati akishuka kwenye mizani, mwepesi kama kijana wa shule, "nimekuuliza tangu tango la kwanza. Ulimwahidi Bwana nini hasa?"

Sanyasamma akamtazama mwanawe kuanzia shingo mpaka miguu, akatabasamu. Kisha akamtazama mumewe, na tabasamu likapungua.

"Nilijua tutachelewa, mwanangu. Nikasema moyoni, mtoto atakua, lakini mtu mzima keshamaliza kukua. Nikaahidi uzito wa baba yako."