Zamu ya Mama

Mama alikuwa ameshavua hereni, jina lake limeshaingizwa kwenye mashine, mguu mmoja uko ndani ya chumba cha picha, Mkubwa alipompita kama anapita kiti.

"Wewe mama huna haraka," alisema. "Mimi nina kikao."

Mpiga picha akafungua mdomo akatae, akakumbuka ni nani anayesaini ajira za hospitali nzima, akaufunga. Mama akarudi kwenye benchi. Binti yake, mwenye haya za kuzaliwa, akameza maneno yote aliyokuwa nayo, na yalikuwa mengi.

Walikuja kwa ajili ya jicho. Mama ni fundi cherehani, na siku hizi anatunga uzi hewani, sindano iko kando. Daktari wa macho alihofia uvimbe kwenye mshipa unaopeleka damu jichoni. Bila picha ya kichwa, alisema, tutakuwa tunabahatisha.

Mkubwa yeye alifukuzwa nyumbani na mkewe aje apimwe, eti kwa sababu kichwa kinamgonga upande mmoja na gari lake halijui tena nguzo za geti ziko wapi. Aliyasimulia kwa sauti, benchi zima lijue ana mke mwenye wasiwasi wa bure.

Alipotoka, mpiga picha akamwomba asubiri, daktari anasoma picha chumba cha pili. Mkubwa akacheka. Mashine imenguruma weee, kisha ikanyamaza. Ingeona kitu si ingepiga kelele? Akamshauri mama ale karoti, akaenda zake. Benchi likacheka naye, maana nani ajuaye kesho ataomba saini wapi.

Mlango wa pili ukafunguka. Daktari wa picha, mtu asiyeonana na wagonjwa ila na vichwa vyao tu, alitoka mwenyewe. Akaita jina la mama, akachuchumaa mbele yake.

Mshipa wa jicho la kushoto, daktari alisema taratibu, umetuna kama puto, na ukuta wake umebaki mwembamba. Mama alazwe leo hii. Asinyanyue kitu, asikasirike. Hata kufoka kunaweza kuupasua.

Binti akaanza kulia. Mama akamshika mkono, akamtazama daktari kwa huruma.

"Pole na kazi, mwanangu. Ila mimi bado sijaingia."

Nje, Mkubwa alikuwa anamfokea mlinzi wa geti.