Maneno Arobaini

Kabla ya alfajiri, kisanduku kinachomtunzia mume wangu Shebe kumbukumbu kililia taratibu kando ya kitanda. Ilikuwa siku ya jaribio la kila mwaka.

Zaituni, mpimaji, alikuja na maneno elfu moja ya kukijaza kabla ya kukizima na kukiwasha, aone kama Shebe atayakumbuka.

"Mwanangu, hiki ni kidogo," nilimsihi. "Kikijaa kinafuta mambo ya zamani. Kitanifuta mimi."

"Acha kumtisha mtoto wa watu, Mwanakheri," Shebe akanitania.

 Zaituni alikipima kwanza nafasi iliyobaki, akapunguza maneno hadi arobaini, akamsomea Shebe polepole. Akakizima kisanduku. Nikamshika Shebe mkono. Zaituni akakiwasha.

Shebe akayarudia yote arobaini.

"Amefaulu, bibi!" Zaituni akaniambia.

Shebe akanigeukia, akatabasamu kwa adabu.

"Ahsante kwa kunitembelea, mama. Utakuja tena?"