Ng'ombe Asiye na Mkia

Mkaguzi Nyiro alikuwa akilinganisha chekechea tatu za serikali. Yenye alama chache kuliko zote ingefungwa. Katika mbili za kwanza watoto walisimama wima, wakamwamkia kwa sauti moja, naye akawapa kumi za nidhamu.

Katika ya tatu hakuna aliyesimama. Walikuwa sakafuni wakifinyanga, udongo umewajaa hadi masikioni. Mwalimu wao, Kache, akawaashiria wasimame.

"Babu, usisimame tu," binti mmoja akamwambia mkaguzi. "Ng'ombe wetu hana mkia."

Nyiro akapiga magoti.

Dereva alipokuja kumwita, alimkuta anacheka, viwiko vimechafuka. Fomu ya alama ilikuwa imekunjwa kuwa zizi, na ng'ombe mwenye mkia mrefu kupindukia alikuwa ameshaingia.