Mgeni wa Juu ya Kabati

Siku hizi dawa ya saratani huonjwa kwanza na saratani yenyewe, na kila mgonjwa huruhusiwa dawa moja tu maishani. Kipande cha uvimbe wa titi la mama yake Zaituni kiliishi chupani juu ya kabati, kikionjeshwa dawa moja na kulishwa matone ya homoni kila asubuhi kabla watu hawajanywa chai, kama mgeni mheshimiwa.

Zaituni, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni na kuachiwa kazi ya kukilisha, hakukipenda. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akakiambia, akakinyima matone yake kimyakimya.

Kikasinyaa. Daktari akafurahi, akaidhinisha dawa iliyokuwa ikijaribiwa humo.

"Dawa imekikomesha!" mama akasema, akimeza kidonge cha kwanza. "Mbona hucheki, we mchokozi?"

Zaituni alijua kilichokikondesha ni njaa. Akacheka, kwa adabu zote.