Ujumbe wa Saa Kumi na Mbili

Siku ya nne bila ujumbe wa Rejoice, Priska alivaa viatu vya kanisani, akapanda bodaboda kutoka Kifanya mpaka Njombe mjini, na matope ya Januari yakamrukia mpaka magotini.

Mwanzoni alidhani simu imeharibika. Akampigia mdogo wake Consolata, aliyeko Makambako, na simu ikaita vizuri tu.

"Dada," Consolata alisema baada ya kumsikiliza, "mwache mtoto apumzike."

Priska alikata simu bila kuaga.

Shuleni kwa Rejoice alimkuta Mwalimu Sadock, anayefundisha kompyuta, akitoka darasani na chaki mkononi.

"Kamwene, Mama Rejoice. Karibu ofisini, uketi."

"Sikai, mwalimu. Nimekuja kuuliza kwa nini mwanangu amenyamaza."

Sadock aliweka chaki mfukoni. "Amenyamaza vipi, mama?"

Priska alimpa simu. Ujumbe ulikuwa mmoja kila siku, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Shikamoo mama. Umekunywa dawa ya presha? Usibebe viazi peke yako. Na kila siku Priska alikuwa amejibu. Dawa nimekunywa. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike. Huku baridi imezidi, huko je?

"Na yeye anakujibu unayomuuliza?"

"Hajibu. Lakini hajawahi kuruka siku."

Mwalimu alimrudishia simu kwa mikono miwili. Akampeleka chumba cha kompyuta, akamwonyesha mashine iliyo karibu na dirisha. Msichana ambaye Priska hakumfahamu alikuwa ameikalia, akichapa kwa kidole kimoja.

"Ni ile, mama. Ile ndiyo ilikuwa inakutumia ule ujumbe. Hapa kwetu mwanafunzi asiyetengeneza programu inayofanya kazi hapewi cheti cha kumaliza shule. Rejoice alitengeneza hiyo, na katika darasa lake hakuna aliyemtangulia. Nilimpa tisini na moja. Jumatatu tukafuta kazi zote kwenye mashine ili kidato cha nne wapya waanze. Sikujua kama unausoma."

"Najua ni mashine," Priska alisema. "Alinieleza likizo ya Pasaka. Alikaa jikoni akaniuliza, mama, unataka kompyuta ikufanyie nini? Nikacheka. Nikamwambia inikumbushe dawa, maana wewe ukiwa shule mimi nasahau." Aliitazama mashine. "Lakini maneno ni yake. Hata hilo la viazi, ni yeye kabisa. Haiwezi kurudi?"

"Labda kama aliweka nakala mahali."

"Alikuwa na flashi. Aliishonea mfuko ndani ya sweta la shule, isipotee."

"Na hilo sweta?"

"Alikwenda nalo. Nilimvalisha mwenyewe, asubuhi ile kulikuwa na baridi kali. Sikukumbuka kuangalia mfukoni."

Sadock aligeukia dirishani. Yule msichana aliendelea kutafuta herufi, moja baada ya nyingine.

Walipotoka, mwalimu alimpitisha kwa karani. Dainess alikuwa na wiki mbili tu katika kazi ile, na alitaka kila kitu kifuate utaratibu. Alipekua kabati, akatoa bahasha ya kaki yenye jina la Rejoice.

"Cheti chake kimekaa hapa tangu mahafali," alisema. "Ila cheti huchukuliwa na mwenyewe, mama. Hatumpi mtu mwingine."

"Mpe," Sadock alisema kwa sauti ya chini.

Dainess alimtazama mwalimu, akamtazama mama, kisha akafungua daftari na kuligeuza. "Basi weka saini hapa. Na hapa pembeni ujaze sababu ya mwenyewe kutofika."

Priska alisoma sababu za waliotangulia. Mmoja alikuwa Ludewa kwa baba yake. Mwingine alikuwa ameolewa. Wa tatu alikuwa akiumwa mguu.

Alifuta mkono kwenye kitenge, akashika kalamu, na akaandika polepole, kwa herufi za mtu aliyeacha shule zamani:

Tulimzika tarehe tisa Juni.