Vidole vya Bi Zamda

Siku ya kumuaga Profesa Lugendo, aliyepima joto la nyota kwa miaka thelathini, wageni walipanga foleni mbele ya kamera inayoonyesha joto. Kila kiganja kiling'aa kwenye skrini.

"Nawe njoo, Bi Zamda," profesa alimwita mama aliyekuwa akimimina kimiminika chenye baridi kali cha kupozea darubini.

Kiganja chake kiling'aa, lakini vidole vilikuwa vyeusi, bila joto.

"Bibi, vidole umeviacha nyumbani?" mgeni mmoja alitania.

"Viliungua kwa baridi, mwanangu," alicheka. "Niliomba glavu, nikaambiwa nyota haingoji."

Hakumtaja aliyemwambia, wala hakumtazama profesa.

Profesa alisogea, akavifumbata vidole vile kwa mikono yake miwili. Kwenye skrini, uso wa profesa uliwaka kuliko viganja vyote.