Manyoya ya Kupigia Picha

Bata mmoja alikuwa na mayai manne na hofu ya mwewe. Akawaza, nikinyakuliwa wanangu watanijuaje, afadhali nipigwe picha, akaenda mbio kwa Tumbili mpiga picha.

Tumbili akacheka. "Mama, mbona kifua kipara? Umepigana na nani?"

"Manyoya nimeyang'oa mwenyewe, nimeyafunikia mayai yasipate baridi."

"Kayachukue basi! Watoto wakuone hivyo?"

Bata akayatoa kiotani, akayabandika kwa utomvu, akaoga, akajipaka mafuta, akangoja zamu yake. Picha ikatoka nzuri ajabu.

Aliporudi, mayai yalikuwa yamepoa kama mawe. Aliyaatamia mwezi mzima, picha ameiegemeza kando, na hakutoka hata mmoja wa kuitazama.